Makubadhi Yaliyobaki Korogwe

Mwaija, muuza ndizi wa Masuguru, aliwasikia vizuri abiria wawili bila hata kutega sikio, kwa kuwa walikaa mbele yake kwenye gari moshi la Tanga.

Semboja, kijana wa Kishambaa, alikuwa anakwenda kuanza shule kubwa ya Wadachi, wale Wajerumani, kule Tanga. "Mzee, naogopa," alimwambia jirani yake. "Wanasema hesabu peke yake inawakimbiza watu. Bora nishuke Muheza, nirudi nyumbani."

Mzee Isihaka wa Handeni alinyoosha miguu mitupu. "Mwanangu, mimi leo ndiyo mara ya kwanza kupanda hili. Nikavua makubadhi pale Korogwe, chini mlangoni, kama ninavyoingia nyumba ya mtu. Nyumba ikaondoka."

Mwaija aliuma upindo wa kanga asicheke. Mzee mwenyewe hakucheka. Alikuwa akitazama mikonge inavyokimbia dirishani, macho yamemtoka. "Chuma kinatubeba hivi, na kuna mtu alikaa darasani akakiwaza kwanza. Nenda ukajue aliwazaje."

Semboja aliitazama miguu mitupu ya mzee. "Na mimi nikifika mlangoni kwa Wadachi, nivue viatu?"

"Vua, ni adabu," alijibu mzee, gari likisimama Muheza na Semboja asiinuke. "Lakini ingia navyo mkononi."