Aliyempendekeza Dobi

"Mahakama imeufuta uchaguzi wa chama chetu cha wafanyakazi!" mpishi wa hospitali alimwambia mama mmoja aliyeketi naye kwenye basi, kwa sauti ya kumfikia hata dereva. Yule dobi aliyembwaga kwenye uenyekiti alikuwa amependekezwa na mtu wa jikoni, na katiba ya chama inataka mgombea apendekezwe na mtu wa idara yake. "Katiba ni katiba, mama!"

"Hongera, mwanangu. Mbona basi umenuna?"

"Huyo mtu wa jikoni ni mke wangu."

Mama akaguna. "Kumbe kesi yenyewe si ya katiba."

"Ni ya katiba! Hakimu mwenyewe kasema! Eti mke wangu anamsifu dobi kwa kujua kusikiliza watu. Kwani mimi haya masikio ni pambo?" Abiria wa mbele akageuka, akayatazama.

"Sasa uchaguzi ukirudiwa, mkeo atampa nani kura?"

Basi lilikuwa linapunguza mwendo, kituo cha mpishi hicho.

"Nimemuuliza jana," mpishi akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Kanijibu kura ni siri. Katiba ni katiba."

Basi likasimama. Hakuinuka.