Mpiga Tarumbeta wa Pembeni

Benchi letu liko Ngara, nje ya duka la Haron, fundi wa fremu. Asubuhi moja ya mwaka 1971 nilimpelekea picha ya kalenda kuukuu. Marehemu mke wangu Peres, Mungu amrehemu, aliipata Lavington katika nyumba aliyofanyia kazi, wazungu wake walipohama. Ni picha ya Ulaya ya zamani: lodi, bwana mkubwa wa Kizungu, yuko juu ya farasi, na pembeni kabisa amesimama mtu mweusi anayepuliza tarumbeta. Peres alimsalimu kila siku kabla ya sala. Haron aliipima, kisha akaweka rula juu ya yule mtu mweusi.

— Mzee Oloo, kioo ni fupi. Nikate hapa?

— Huyo ndiye nimemleta, nikasema.

— Si ni boi tu? akauliza Muchiri, tunayemwita Karani kwa kazi aliyostaafu.

Sifuna, mwenzetu wa benchi, hupiga tarumbeta kanisani Kabiria, ndiyo maana tunamwita Jeriko. Aliweka kikombe cha kahawa chini.

— Boi gani? Angalia mashavu. Angalia vidole. Huyu anapuliza kweli, hakupewa ashike tu!

— Basi alikuwa mkubwa wa bendi, Haron akasema.

— Bendi? Huyo ni jenerali! Asipopuliza, jeshi yote inalala.

— Ongeza, Jeriko, akasema Karani. Sema hata farasi ni yake.

— Ni yake! Huyo lodi ameazima tu.

Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Virginia, mwenye kibanda cha nguo hapo jirani, alikuwa amekuja kuchukua kioo chake. Aliinama juu ya picha.

— Wazee, hapa chini wameandika nini?

Karani akavaa miwani, akasoma polepole.

— Lodi Edmandi na farasi wake, Almasi.

— Kumbe farasi ana jina, akasema Virginia. Na huyu wa tarumbeta anaitwa nani?

Karani akaigeuza picha, akatafuta nyuma. Palikuwa peupe. Jeriko akatazama vidole vyake mwenyewe. Peres alimwita yule wa tarumbeta ndugu yetu, nami sikuwahi kuuliza zaidi.

— Haron, nikasema, kata upande wa farasi.

— Mzee, lodi atabaki amekalia nusu farasi!

— Nusu inamtosha.