Kobe Aliyeishia Saba

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi televisheni lina wenyewe, na wenyewe ni watatu waliokulia mtaa huo huo. Antena ndiye fundi. Waziri ni kinyozi asiye na wateja wengi, na Kisiki kazi yake ni kukaa. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa katikati yao, na Antena alikuwa na barua mfukoni: kesho anatakiwa shuleni. Binti yake anahesabu vizuri hadi saba, kisha ananyamaza. Kosa lilikuwa la Antena mwenyewe. Alimfundisha kwa ule wimbo wa katuni wa utotoni, wa kobe anayepanda ngazi, na wimbo wenyewe anaukumbuka hadi saba tu.

— Si umfundishe nane bila wimbo? Waziri aliuliza.

— Hataki. Anasema kobe hajafika.

— Hata mimi naishia saba, Kisiki akasema. Kobe anakanyaga ngazi ya saba, halafu giza.

— Mnaona? Waziri akadakia. Na mimi saba. Watu watatu, wote saba. Huko si kusahau. Tumefanyiwa.

— Na nani?

— Yule mama mshonaji. Wote si tulitazama katuni dirishani kwake? Kobe akifika saba tu, anazima televisheni.

— Labda alibana umeme, Antena akajaribu.

— Umeme gani, na taa yake ilikuwa ikiwaka mpaka tunalala?

— Kikulacho ki nguoni mwako, Kisiki akatikisa kichwa. Na nguo alitushonea yeye.

— Sikilizeni, Waziri akasema. Ngazi ya nane ndiyo yenye siri ya utajiri. Mtaa wetu nani katajirika?

— Hakuna.

— Haya. Mtaa wa pili waliumaliza wimbo, leo wana maghorofa. Mficha uchi hazai, na yule mama kweli hakuzaa.

Antena hakucheka. Shaka ilikuwa imeanza kumwingia naye, na ilimuudhi, maana mama huyo ndiye aliyemwekea kigoda chini ya dirisha alipokuwa mfupi kuliko wenzake.

Mara mwanamke wasiyemjua akatua televisheni kuukuu, yenye chogo, juu ya benchi.

— Ya shangazi yangu, mshonaji wa nyumba ya pembeni. Picha ipo, sauti hakuna.

— Bado yupo? Kisiki aliuliza.

— Yupo pale pale.

Waziri hakuweza kujizuia.

— Samahani, dada. Alikuwa akituzimia wimbo wa kobe. Alikuwa anaficha nini?

— Kumbe ndio nyinyi. Anasema mtoto akiujua mwisho, kesho harudi.

Kisiki akainamia kikombe chake.

— Na kuna jambo ananiuliza kila jioni, mwanamke akaendelea. Mbona mliacha kuja?

Waziri akainamisha birika, halikutoa kitu. Antena aliona aibu, aibu ya kweli. Akatia bisibisi mfukoni, pamoja na ile barua, akainyanyua televisheni.

— Nitaitengenezea huko huko kwake, alisema. Tumpitie kwanza mwanangu, akamwulize mwenyewe kobe alifika wapi.