Uzi Mwekundu wa Ukurasa wa Themanini

Modest: Haloo! Stesheni ya Usoke hapa. Nani mwenzangu?

Opereta: Tabora Posta. Dakika tatu tu, dada. Sema.

Tekla: Haloo? Modest? Ni Tekla, wa Kitete.

Modest: Tekla! Wangaluka, mama!

Tekla: Wangaluka. Kile kitabu nilichokupa—

Modest: Cha mapenzi? Siku mbili tu nimekimaliza! Sisi tuliokaa sekondari tunatafuna vitabu kama karanga.

Tekla: Umekimaliza.

Modest: Mpaka jina la mpiga chapa! Unataka maoni yangu? Uji usio na sukari. Kijana gani yule, kutwa kuhema dirishani? Mchumba anamngoja, yeye anatunga mashairi! Ningekuwa mimi—

Tekla: Ungekuwa wewe?

Modest: Ningerukia treni ya kwanza! Hata behewa la ng'ombe!

Tekla: Na mwisho wake umeuonaje?

Modest: Ah, mwisho mtamu. Harusi, ngoma, pilau—

Tekla: Hawaoani, Modest.

Modest: Eh... nasema harusi ya yule mwingine. Simu inakwaruza, hunisikii vizuri.

Tekla: Nakusikia. Ukurasa wa themanini niliushona na mwenziwe kwa uzi mwekundu. Uliukata?

Modest: Uzi? [kikohozi] Niliukata! Kwa wembe!

Tekla: Na barua iliyokuwa ndani?

Modest: Barua... nimeisoma. Tamu sana. Nilikuwa natafuta maneno ya kukujibu—

Tekla: Umeisoma? Umeisoma, na hukuja?

Modest: Kuja... sikupata ruhusa, Tekla! Stesheni masta mwenyewe unamjua—

Tekla: Wiki tatu, Modest! Kila treni ya Usoke ikipiga honi naenda dirishani, kama yule mjinga wako wa kitabuni.

Kasimiri: [kwa mbali] We Modest! Uzi mwekundu? Si ndio huu hapa? Kitabu ulichokalishia chupa ya wino?

Modest: Nyamaza, Kasimiri!

Kasimiri: Haujakatwa huu! Tazama, kurasa zimeshikana kama—

Tekla: Nani huyo?

Modest: Karani mwenzangu, mtu wa mizaha tu, usimsi—

Tekla: Kaka Kasimiri! Unanisikia? Ukate huo uzi. Msomee.

Modest: Tekla, ngoja—

Kasimiri: Lete hiyo simu. Haloo, dada. Nimeukata. [karatasi inachakacha] "Modest, barua zangu baba anazifungua, vitabu hafungui. Wameniposesha kwa Masolwa. Jumapili hii Padre anaanza kututangaza kanisani. Njoo umwambie Padre unanitaka, nami sitamficha kitu. Njoo kabla ya tangazo la tatu, ndilo la mwisho." Dada... limesomwa la ngapi?

Tekla: La tatu. Jana.

Modest: Tekla, nipe mpaka kesho! Treni ya asubuhi—

Tekla: Padre aliuliza nani ana pingamizi. Nikageuka, Modest. Kanisa zima likaniona nikitazama mlango.

Opereta: Dakika tatu hizo, dada.

Modest: Opereta, ongeza! Nalipa mimi! Tekla, wallahi ningejua—

Tekla: Uliniambia umekimaliza.

Modest: Nitakisoma! Leo leo nakisoma!

Tekla: Kaka Kasimiri, bado upo?

Kasimiri: Nipo, dada.

Tekla: Kitabu baki nacho wewe. Wewe unajua kusoma.

Modest: Tekla! Haloo? Haloo?

Opereta: Ameshaweka simu, bwana.