Kaburi Lirudi Kesho, na Jina Langu Liko Wapi?

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mzee Werema uliyetoka Kehancha, Padri uliyekubali kuja ingawa umechagua kiti cha karibu na mlango, ndugu wageni waalikwa, nanyi vijana mliovaa makoti meusi ya ngozi kwenye jua hili la Migori: hamjamboni!

Mimi ni Phelesia, mwenye jenereta. Nilianza na spika moja ya kukodisha matangani. Leo ninazo kumi na nne, na zote zinazindua albamu ya kwanza ya vijana hawa ya metal, ule muziki wa magitaa makali na kunguruma. Nani mwingine alizitaka kelele zao? Kanisa liliwanyima ukumbi, shule ikawanyima uwanja. Mimi nikawapa stoo yangu.

Wakaimba nini humo? Kifo, asubuhi hadi jioni! Nikamuuliza Austine, mwimbaji wao, "Kijana mzima, kwani unaumwa?" Akanijibu, "Mathe, tunaimba kifo ndio tusife." Nikacheka hadi nikakaa chini. Lakini miaka ishirini nimepeleka spika mazishini, na sijasikia mhubiri aliyelisema vizuri zaidi.

Mnakumbuka yale mazishi kule Sindo? Vijana walinguruma "Kaburi, rudi kesho!" mbele ya jeneza, na mjane akanivuta kando: "Phelesia, wimbo huu si mngeuleta wiki jana?" Kisha akaingia kucheza! Hapo Mzee Werema, aliyekuwa akiwaita mashetani, akainua fimbo na kusimamisha muziki. Mkuria huyu aliazima pakruok yetu Wajaluo, ile desturi ya mtu kukatiza wimbo ajisifu kwanza. Akasema, "Mimi Werema, fahali wa Kehancha! Daktari alinikatia tamaa, nikamzika yeye!" Vijana wakalinguruma jina lake hadi mabati yakatetemeka, na kwenye albamu limo.

Tangu siku hiyo kila mtu anataka jina lake liwekwe humo. Nimehesabu: majina thelathini na moja. Hata dume la ng'ombe la jirani yetu Okari, lililokwisha kuliwa, limo! Langu? Sifuri. Kwani umeme ulitoka mbinguni?

Mnacheka, nami nacheka. Lakini huku kwetu ukifa, mjukuu hupewa jina lako, na watu wanaendelea kukuita uje ule. Mimi sikujaliwa mtoto. Ni nani ataitwa Phelesia aje kula?

Kwa hivyo Austine, leo wimbo ukifika katikati, anayeusimamisha ni mimi, na usiniharakishe, petroli ni yangu. Maneno ninayo tayari: "Mimi Phelesia, mama wa radi! Nikiwasha Migori, Karungu wanaamka. Giza likitaka kupita, linaniomba ruhusa!" Na kila mnapoimba, jina langu liwekeni kwenye kiitikio, jamani, pale ambapo hata mlevi hukumbuka.

Padri, usitoke. Kuna nafasi ya jina lako pia.

Mheshimiwa, wageni wetu, asanteni kwa kuniazima masikio yenu. Sasa yazibeni: nawasha jenereta.