Mstari wa 340: Maisha ya Telesphor Rwezaura na Magazeti Yake

Padre, ndugu waombolezaji, majirani. Mimi ni Koletha, mdogo wake marehemu, na ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu huu. Kamati ya mazishi iliniletea nakala iliyokwisha kuandikwa. Kwenye mambo aliyoyapenda waliweka, "Marehemu alipenda kusoma." Basi! Maneno matatu kwa mtu wa miaka hamsini na miwili. Nimeichana. Huu mlio nao mkononi nimeuandika mwenyewe na nimeupeleka mwenyewe kuchapwa, kwa hiyo mwenyekiti usinikonyeze, tutaumaliza wote.

Marehemu Telesphor Rwezaura alizaliwa Kamachumu, Bukoba, siku ya Jumanne, tarehe 5 Januari 1954, mtoto wa kwanza wa Mzee Deogratias Rwezaura na Ma Paskazia. Padre alimpa jina la mtakatifu wa siku ile bila kumuuliza mtu. Mama alikuwa ametoka gulioni na mkungu wa ndizi kichwani, uchungu ukamshikia njiani. Shikeni hiyo Jumanne, nitairudia.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, Kamachumu, kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari mjini Bukoba hadi 1971. Darasa la tano mwalimu alikosea hesabu ubaoni. Telesphor akanyoosha kidole, akachapwa viboko viwili kwa utovu wa adabu, akarudi kwenye dawati lake, akanyoosha kidole tena. "Mwalimu, bado imekosewa." Hakuwa mkorofi. Alishindwa tu kukaa chumba kimoja na kosa.

Mwaka 1973 aliajiriwa Dar es Salaam kama fundi wa simu, kazi aliyoifanya miaka kumi na mitano. Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa takatifu na Adventina, wifi yangu huyu hapa mbele, wakajaliwa mtoto mmoja, Alodia, mwaka 1981. Wifi alipopata kazi ya uuguzi London, kaka alimfuata na mtoto, Aprili 1989, wakakaa Walthamstow, ghorofa ya juu ya nyumba ya Jean, Mwingereza anayekaa chini. Jean, simama watu wakuone. Haya, kaa.

Hapa London vyeti vyake vya ufundi havikufunguliwa na mtu hata bahasha. Mwaka 1990 alipata kazi kwenye ghala moja Stratford, na huko alikaa mpaka ugonjwa ulipomtoa. Ghala lenyewe lilikuwa la magazeti yaliyokosa wanunuzi. Maduka yote yanarudisha, wao wanafungua mabunda, wanahesabu, wanatia kwenye mashine ya kusaga. Kaka alilisha mashine ile saa nane kwa siku. Siku moja akaona gazeti lina kurasa sita za programu ya kompyuta, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake, za mtu kwenda kuandika nyumbani kwake. Akalichomoa. Msimamizi wake, Bwana Douglas, ambaye yupo nasi leo, alimwambia achukue nakala moja ya kila gazeti kila mwezi, ila yeye asimwone. Miaka minane Bwana Douglas hakumwona.

Vijana mliovaa simu viunoni hamjui kompyuta za nyumbani zilikuwaje. Ilikuwa kibodi tupu unachomeka kwenye televisheni, na programu inakaa kwenye kaseti ya kawaida, ukiipiga inalia kama chuma kinachokwaruzwa, dakika tano, na wifi akiwasha pasi mnaanza upya. Ukitaka mchezo unauandika mwenyewe kutoka gazetini. Kaka alisoma kwa sauti, Alodia aliandika. Mtoto ameshasahau kujibu Kiswahili, lakini namba zote alizisikia kwa Kiswahili: mia mbili na kumi, mia mbili na ishirini. Wifi akiita chakula, kaka anajibu, "Tuko mia tatu, Adventina, usituvuruge." Ugali ukapoa wiki ngapi, wifi, si ulitaka kumfukuza?

Aprili 1991 gazeti moja lilitoa programu ya kalenda. Unaandika tarehe yoyote, inakuambia siku. Kaka akaandika tarehe yake ya kuzaliwa. Ikajibu Jumatano. Akasema, "Mama yangu alitoka gulioni. Gulio ni Jumanne. Hii kompyuta inamwita mama mwongo." Wiki tatu alikaa na kurasa zile na kalamu nyekundu mpaka akakamata kosa kwenye mstari wa 340. Kati ya Machi na Desemba haukuonekana na kasoro, ndiyo maana wenyewe hawakugundua. Aliwaandikia barua, na toleo la Agosti 1991 walichapa maneno yake na jina lake. Fundi aliyekuwa akilisha mashine ya kusaga karatasi, jina lake likatoka Uingereza nzima. Hiyo ndiyo "alipenda kusoma" yenu.

Baadaye magazeti yale yakakonda. Yakawa matangazo matupu, kisha moja moja yakafa, na kaka aliyasaga matoleo ya mwisho kwa mikono yake. Alikuwa akikasirika: "Zamani yalikufundisha kutengeneza, sasa yanakufundisha kununua." Aliyoyaokoa yalikuwa zaidi ya mia nne, yamepangwa sebuleni kwa mwezi na mwaka, kila kosa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu pembeni. Alisema yote ni ya Alodia, ambaye leo anaishi kwa kazi ya kuandika programu.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2004. Sasa sikilizeni vizuri, maana kuna waliopo hapa ambao walitaka sehemu hii irukwe.

Jumamosi tarehe 26 Agosti mwaka huu alizidiwa, madaktari wakaita familia. Wifi na Alodia wakaenda. Jumapili asubuhi mwenyekiti wa umoja wetu alinipigia: "Poleni, mzee ametutoka, tunakuja kuandaa nyumba." Nani alimwambia? Mpaka leo hajulikani. Kila mtu aliambiwa na mwenzake. Nami nilikuwa na ufunguo wa kwao. Kupiga simu hospitali kuuliza, sikupiga! Nilianza kulia nikafungua mlango.

Kwetu msiba ukiingia, sebule inatolewa vitu, watu wapate pa kukaa chini. Makochi yanakwenda kwa jirani na yanarudi. Jamani, huo ni utaratibu wa mtu mwenye jirani na uwanja. Hapa uwanja uko wapi? Nje kulikuwa na skipu, lile debe kubwa la chuma la kutupia vifusi, la nyumba ya pili waliokuwa wakibomoa bafu. Makochi wakapandisha chumbani. Magazeti wakauliza, "Haya makaratasi, dada?" Ni mimi niliyesema, "Toeni."

Jean alitoka mlangoni akakuta wanaume sita wanabeba. Akaniuliza, "He's not dead, is he?" Yaani, kwani amekufa? Nikamjibu asiingilie, huu ni utamaduni wetu. Utamaduni! Mwanamke wa Kiingereza ndiye peke yake mtaani aliyeuliza swali la maana.

Saa nane na nusu mchana mikeka imetandikwa, akina mama wanalia, sufuria la pilau liko motoni. Simu ikalia. Ni wifi: "Koletha, amefumbua macho. Anaomba uji."

Mngeona nyuso zetu. Mwenyekiti akakumbuka ana shughuli kwingine. Nilikimbilia skipu, nikakuta mafundi wameshamwaga juu yake vigae na saruji yenye maji. Ningeweza kuingia na mikono yangu. Nilisimama pale na gauni langu jeusi nikasema, "Ni magazeti tu." Jumanne lori likalichukua.

Kaka alirudi nyumbani tarehe 13 Septemba. Alisimama sebuleni akitazama ukuta mtupu. Nilimwambia tumeyahifadhi kwenye gereji ya Bwana Douglas, yasipate unyevu. Wote mkaniunga mkono, na Bwana Douglas masikini hakujua lolote. Kila nilipokuja aliniuliza, "Koletha, yako salama?" Nami nasema, "Yako salama, kaka." Alitaka toleo moja tu, la Agosti 1991, amwachie Alodia mkononi. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema wiki ijayo. Wiki nane.

Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2006, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Safari hii tulipiga simu kuuliza.

Baada ya siku tatu Alodia aliniambia kwamba baba yake alijua. Jean alimweleza yote siku ya pili tu aliporudi. Alodia alitaka kuja kunigombeza, naye akamzuia: "Mwache shangazi yako. Namuuliza kila siku ili apate nafasi ya kusema." Mara ngapi alininyooshea ile nafasi, nami nikaipita! Nina hasira na kamati, nina hasira na mwenyekiti, na yule niliyemkasirikia kuliko wote ndiye anayewasomea.

Marehemu ameacha mjane, Adventina, binti, Alodia, mdogo wake, mimi Koletha, na mama yake mzazi, Ma Paskazia, ambaye yuko Kamachumu na hakuweza kusafiri. Wiki iliyopita nilimpigia nihakikishe tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya wasifu huu. Akanijibu, "Tarehe waulize wasomi. Siku ni Jumanne. Si iko ukutani hapa, kwenye karatasi ya Telesphor?" Nikauliza karatasi gani. Kumbe mwaka 1991 kaka alinunua nakala ya pili, akakata ukurasa ule, akamtumia mama kwa posta. Hajui Kiingereza, lakini aliambiwa ametajwa, akaubandika juu ya kitanda. Mwalimu jirani alinisomea kwenye simu, nami nawasomea:

"Mstari wa 340 una kosa. Ikiwa tarehe ni ya Januari au Februari, punguza mwaka kwa moja kwanza, la sivyo jibu litakuwa la uongo. Mama yangu anajua nilizaliwa Jumanne. T. Rwezaura, Walthamstow."

Ukurasa huo mama anamtumia Alodia.

Kaka, nimechelewa, lakini sikia. Jumapili, tarehe 27 Agosti 2006, kuna kosa. Hayako salama. Niliyatupa mimi, kisha nikakudanganya wiki nane. K. Rwezaura, Walthamstow.

Sasa pumzika kwa amani.