Wasifu wa Fundi Miwani, Usomwe na Kaka Yake Mkubwa

Wasifu huu marehemu aliuandika mwenyewe kwa mkono, wiki ya kwanza ya Januari, akiwa amekaa kitandani na ubao wa kukatia mboga magotini. Aliagiza usomwe na kaka yake mkubwa, seremala, kwa sababu katika ukoo huu aliye mkubwa ndiye msomaji, na kwa sababu nyingine itakayojulikana sasa hivi. Kaka hajauona kabla ya leo. Nakala mia tatu zimeshagawiwa, kwa hiyo akiruka mstari, wenye karatasi watamrudisha. Hasa umeandikwa kwa ajili ya binti wa miaka ishirini na miwili aliyekaa safu ya tatu, kitinda mimba wa huyo huyo msomaji. Anatakiwa kuripoti chuoni Jumatatu tarehe 10 Februari, na baba yake amemkatalia. Wengine mnaombwa mvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1965, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtaa wa mafundi viatu. Baba yake, mpaka rangi wa nyumba, alianguka kutoka kwenye ngazi na kufariki marehemu akiwa na miaka minne. Mama yao aliwalea kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Walikuwa wawili tu, yeye binti na kaka aliyemzidi miaka minane. Kaka ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti, na siku aliyokiachia hakumwambia, mpaka marehemu alipogeuka na kumwona yuko mbali anacheka. Marehemu alitaka hili lisemwe. Alimpenda sana kaka yake, na ndiyo maana yaliyofuata yalimkaa rohoni namna ile.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1972, akamaliza sekondari Novemba 1984, na kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Januari 1985 alipata kazi ya kufagia duka la miwani. Mwenye duka walimwita Mzee Kisogo, kwa kuwa akianza kusaga lenzi aliwapa watu wote mgongo wasije wakamwibia ujuzi. Marehemu akawa anafagia polepole sana upande ule. Lenzi zilizovunjika alizitoa kwenye pipa la taka, akazipeleka nyumbani ndani ya soksi, akazipanga dirishani na kupima kwa rula ya shule jinsi mwanga unavyopinda. Mama yake alimwuliza kama ameanza uganga.

Mei 1987, akiwa na miaka ishirini na miwili, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi wa miwani. Majibu yangetoka Agosti. Barua zote za nyumbani zilipitia sanduku la posta la karakana alikofanya kazi kaka yake. Agosti ikapita, Septemba ikaingia. Kila jioni marehemu alimvizia mlangoni hata kabla hajavua viatu.

"Kaka, hakuna kitu?"

"Hakuna, mdogo wangu."

Mwisho wa Septemba akamwambia, "Kama ungepita wangekuandikia. Wewe tulia na mama." Novemba kaka akaoa, akahamia mtaa wa pili.

Kwa hiyo miaka ya ishirini ya marehemu ilianza kwa kuamini kwamba yeye ni mjinga. Alilia siku mbili, ya tatu akaenda kujiandikisha masomo ya jioni ya fizikia. Aliona kwamba kama ni mjinga, basi ujinga wenyewe umtoke. Alijifunza kupiga taipu. Alikitoa kwenye droo ya dukani kitabu cha maelekezo cha mashine ya kusagia lenzi, kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua, akakisoma kwa kamusi kwa miezi minane, ukurasa hadi ukurasa. Wenzake walikuwa wanapendeza na kutembea, yeye ananuka vumbi la vioo. Kaka akija kumsalimia mama alimtania mbele ya wageni: "Huyu anajiendeleza. Anajiendeleza kwenda wapi, hata sijui." Watu walicheka, na marehemu alicheka nao kwa adabu.

Mwaka 1991 mashine ilikwama wateja wamejaa dukani. Mzee Kisogo alitoka jasho mpaka shati likamganda. Marehemu akaweka ufagio chini, akasema, "Mzee, ni mkanda wa ndani. Fungua skrubu tatu za kushoto."

"Umeyajulia wapi haya?"

"Kwenye kitabu chako, mzee. Droo ya tatu."

Mzee hakumsifu. Kesho yake aligeuza kiti chake, akafanya kazi uso ukimtazama yeye, na tangu siku hiyo akamfundisha bila kuficha.

Mama yao alizikwa tarehe 19 Februari 1994. Wasifu wa mama uliandikwa na kaka, naye ndiye aliyeusoma, kama leo. Alisoma kwamba binti pekee wa mama "alichagua mwenyewe kubaki nyumbani kumtunza mama yake, hakuwa mtu wa kupenda masomo." Marehemu alikuwa safu ya mbele. Wasifu haukatizwi, kila mtu anajua, kwa hiyo aliinamisha kichwa. Alijiambia labda kaka amekosea tu kwa majonzi.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 26, yeye na wifi yake walilisogeza kabati la mama ili wapige deki. Lilikuwa kabati lenye kioo mlangoni, na kwa kuwa sakafu haikuwa sawa, kaka mwenyewe alikuwa ameuwekea mguu mmoja kikaratasi lisiyumbe. Wifi aliinua upande, marehemu akavuta. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nane. Aliikunjua sakafuni. Barua ya chuo, tarehe 3 Agosti 1987, ikimpongeza kwa kupita na kumtaka aripoti Septemba 14. Kila asubuhi kwa zaidi ya miaka sita alikuwa amesimama mbele ya kioo kile akichana nywele, na barua iko hatua moja kutoka vidoleni mwake. Wifi yupo hapa leo, na ni shahidi.

Marehemu alikwenda karakana vile vile na kanga ya kudekia, akaiweka barua juu ya ubao ambao kaka alikuwa anaupiga randa.

Kaka alisema, "Ukienda, nani angebaki na mama?"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa naoa."

Ukoo ukaitwa, ukakaa. Mjomba akasema, "Ndiye kaka uliye naye, mwanangu. Yaishe." Kaka akaitikia yaishe, akamaliza chai yake, akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza marehemu kama kwake yameisha. Hayakuisha. Mama alikuwa ameingia kaburini akiamini kwamba binti yake alishindwa mtihani, na hilo hakuna kikao kinachoweza kulirekebisha.

Kazi: marehemu alipeleka barua ile chuoni, na alama ya mguu wa kabati imebonyea katikati. Msajili aliigeuza mara mbili. "Hii ni ya miaka saba iliyopita. Mbona hukuja?"

"Ilichelewa kunifikia."

"Ilichelewea wapi?"

"Nyumbani."

Wakamruhusu kurudia mtihani, akawa wa kwanza. Aliingia chuo Septemba 1994 akiwa na miaka ishirini na tisa, na wanafunzi wenzake wakamwita Shangazi. Fizikia ya mwaka mzima alikuwa anaijua tayari. Alihitimu 1997, akafanya kazi kitengo cha macho cha hospitali kwa miaka kumi na mmoja, kisha akafungua karakana yake mwenyewe 2008 na kufundisha wasichana kumi na tisa. Wengi wenu mnaisoma karatasi hii kwa miwani aliyoitengeneza. Watu wakimwuliza alifikaje hapo, alisema ni zile jioni za fizikia na lenzi za kwenye soksi. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba kati ya miaka ishirini na thelathini mtu anamtengeneza mtu atakayeishi naye mpaka kufa, kwa hiyo asimwachie mwingine hiyo kazi, hata awe ndugu.

Ndoa: mume wake, mchoraji wa mabango, alileta miwani itengenezwe mara tatu katika wiki moja. Mara ya tatu marehemu alimtazama usoni. "Bwana, skrubu hii hailegei yenyewe." Akajibu, "Naona nayo imechoka kukaa peke yake." Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili. Kwa miaka ishirini na sita mume huyu hakuwahi kumwuliza anajiendeleza kwenda wapi.

Ugonjwa: Mei 2024 alianza kuumwa tumbo, na Julai madaktari wakasema ni saratani ya kongosho. Septemba, angali anaweza kusimama, alimwita kaka yake, akampima macho, akamsagia miwani mpya ya kusomea kwa mkono wake mwenyewe. Kaka alifuta machozi akidhani amesamehewa. Hakuwa amesamehewa. Alikuwa anatayarishwa asije akasingizia maandishi madogo.

Desemba binti wa kaka alikuja kwa shangazi yake na barua ya chuo cha ufundi wa vifaa vya hospitali. Baba amesema, "Mama yako miguu inamsumbua. Ukienda, nani atabaki?" Marehemu alimfanya ayarudie maneno hayo mara mbili, maana aliyajua. Akamwita wifi yake, akamwuliza. Wifi akasema, "Wifi, miguu inaniuma ndiyo, lakini mdomo ninao na mikono ninayo. Mimi sikumwomba mtu abaki." Ndipo marehemu alipomwuliza daktari kama atafika Februari. Daktari akasema haelekei. Marehemu akasema, "Afadhali," akaomba kalamu.

Sehemu ya kifo imejazwa na mume wake, ndiyo maana ni fupi. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wifi, wanafunzi kumi na tisa, binti mmoja wa kaka, na kaka.

Msomaji asimame hapa. Asikunje karatasi, asikohoe. Ageuke amtazame binti yake usoni, kisha amjibu kwa sauti itakayofika mpaka nyuma: tarehe 10 Februari anakwenda chuo, au haendi? Wachimba kaburi wameelezwa wasubiri. Neno la kuteremsha jeneza analo mume wa marehemu, naye ameapa hatalitoa kabla ya jibu. Jua likiwachoma, sogeeni kivulini. Kaka akishajibu, ndipo mdogo wake apumzike kwa amani. Asipojibu, marehemu hana haraka.